Nyundo Iko kwa Mjomba

Zimeni kwanza hicho kidude kinachoimba jina la Budha. Nimekisikiliza tangu asubuhi, hakipumui, hakimezi mate, na mimi hii pumzi kidogo niliyobaki nayo nataka kushindana na watu, si na mashine. Haya. Ahsante, A-Gue. Nyinyi wengine wote mmesimama kama mnangoja basi, ni yeye peke yake aliyejua swichi iko wapi, na hilo ndilo nitakalolisema leo toka mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo aliyechoka kusimama akae.

Mmenilaza kwenye mbao katika ukumbi wa mababu wa ukoo wa Liau, upande wa kulia kama wanavyolazwa wanawake, na mmetundika ungo mbele ya meza ya mababu ili miungu na wazee wasinione nikikata roho. Mmefanya vizuri. Bun-tat, wewe mwanangu mkubwa wa kiume umefanya kila kitu kama baba yako alivyomfanyia bibi yako, hata viatu vyangu vipya naviona pale, vimegeuzwa kuelekea mlangoni kana kwamba nitachelewa. Sina ugomvi na mbao wala na viatu. Ugomvi wangu ni mmoja, nao nauweka wazi sasa hivi ili asije mtu akasema kesho kwamba bibi alikuwa anaweweseka. Dada yenu Chiu-gue, huyu A-Gue wetu, hakuolewa. Siku akifa, jina lake litakaa wapi? Nataka liingie kwenye sanduku la vibao vya majina ya wafu lililoko nyuma ya ungo huo, pamoja na la baba yake na langu, na achomewe ubani na watoto wa nyumba hii kama mtu wa nyumba hii. Mkikubali, nitafia hapa kwa adabu. Mkikataa, ninajua nitakalofanya, na hamtalipenda.

Kok-sing, wewe mwanangu mdogo, weka simu mfukoni. Taipei haitaanguka ukiiacha asubuhi moja.

Yule aliyekaa karibu na mlango na kofia magotini ni Tiong-ho, mtoto wa marehemu kaka yangu. Sikumwita aje kunililia, yeye halii, wa kwao wote ni wakavu. Nimemwita kwa sababu baba yake hayupo, na sasa yeye ndiye mjomba wenu, na kazi ya mjomba mnaijua. Mwanamke akifa, jeneza lake halifungwi mpaka mtu wa kwao aje, amtazame usoni, aulize alikuwa akila nini, akilala wapi, nani alimgeuza alipoumwa. Akiridhika anashika nyundo na kugonga msumari wa kwanza. Asiporidhika, wana wa marehemu watapiga magoti mbele yake, jeneza liko wazi na jua linawaka. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Ndiyo sheria pekee ya hapa kwetu iliyomkumbuka mwanamke, nayo imemkumbuka akiwa amekwisha kufa, lakini mimi nitaitumia hivyo hivyo ilivyo.

Mimi nilizaliwa ukoo wa Tsua. Waliponiona ni msichana mwingine tena wakanipa jina Bong-chi, maana yake mfuge tu, basi, kama watu wasemavyo juu ya paka aliyejiingilia mwenyewe. Kabla sijaota meno nikaletwa kwenye ua huu, nikabadilishwa na binti wa hapa, ili nikikua niolewe na mtoto wao na nyumba zote mbili ziepuke gharama za harusi. Bibi yenu akaninyonyesha mimi, na binti aliyemzaa mwenyewe akanyonyeshwa na mama yangu. Baba yenu nilimwita kaka, nikagombana naye kwa ajili ya panzi na maganda ya miwa, mpaka siku walipotufungia chumba kimoja na kutuambia kuanzia leo msiitane hivyo. Msitazame chini. Mmetoka humo wote.

Shule nilisoma kidogo, kwa lugha ya Wajapani, nikajua kuandika jina langu na kuhesabu nguruwe. Kaka yangu, baba yake Tiong-ho, alikuwa akija kunitazama juu ya ukuta ule wa nyuma. Haingii, kwa sababu mtoto aliyekwisha kutolewa hafuatiliwi. Anarusha kiazi kilichochomwa, mimi nadaka. Kwa hiyo, Tiong-ho, mtu akikuuliza una haki gani ya kushika nyundo juu ya mtu ambaye kwenu mlimtoa, mwambie baba yako aliilipia haki hiyo kwa viazi.

Nileteeni maji. Siyo kikombe, pamba. Nilowesheni midomo tu.

Baba yenu alikuwa na dada aliyebaki hapa nyumbani, Kiok-a. Nyinyi hamkumjua. Tulilala kitanda kimoja, mimi na yeye, nywele zake zilifika kiunoni na zilikuwa zikinikaba shingo nikigeuka. Akafa kwa homa, msichana mkubwa, tayari anatazamwa na wachumba. Hakulazwa hapa nilipolala mimi. Hakutolewa kwa mlango huu. Walimviringisha mkekani wakampitisha nyuma, na jina lake likaandikwa kwenye karatasi nyekundu, karatasi ikatiwa kwenye kikapu cha mayai, kikapu kikatundikwa nyuma ya mlango wa banda la nguruwe. Sikukuu zikifika mimi ndiye niliyempelekea wali, kwa kuiba. Nilimwuliza bibi yenu kwa nini Kiok-a hayuko mezani na wenziwe. Akasema, "Mezani ni pa watu wa hapa. Msichana ni mgeni, anangoja kupelekwa kwake." Nikamwuliza, na asipopelekwa? Akanipiga na mwiko. Nimekaa kwenye nyumba hii maisha yangu yote na sijapata jibu jingine zaidi ya ule mwiko. Kikapu kililiwa na panya.

Sasa njooni kwa huyu wenu.

A-Gue ndiye niliyemzaa kwanza. Alipomaliza shule ya msingi mwalimu wake alikuja hapa kwa baiskeli, jasho linamtiririka, kumwomba baba yenu amwache aendelee. Baba yenu alimpa chai. Akamwambia, huyu ataondoka, hawa wawili watabaki. Mwalimu akanywa chai akapanda baiskeli yake. A-Gue akaenda kwenye kiwanda cha miavuli, akilala bwenini na wasichana wenziwe, na bahasha ya mshahara ilifika hapa bado imegundishwa. Kok-sing, hicho chuo unachokitaja kila ukilewa kilijengwa kwa miavuli. Bun-tat, lori lako la kwanza la kupelekea vitunguu saumu sokoni pia. Simdai mtu. Nawakumbusha tu mlikopitia, maana naona mmesahau njia.

Wachumba walikuja. Mmoja alikuwa fundi saa, ana meno mazuri, anaongea polepole. Baba yenu akasema angoje Kok-sing amalize masomo. Kok-sing alipomaliza, fundi saa alikuwa anabeba mtoto mgongoni. Akaja mwingine, mjane mwenye kinu cha mpunga. Hapo ndipo baba yenu alipoanguka bafuni, upande mmoja ukafa, na nyinyi mlikuwa mmekwisha oa, na wake zenu wakasema si vizuri mke wa mtoto kumwosha baba mkwe. Kweli, si vizuri. A-Gue akarudi akamwosha. Akamgeuza, akamlisha, akamsafisha, akatukanwa naye, maana baba yenu alipopoteza mguu na mkono ulimi wake ulibaki na nguvu zote. Alipokufa, yule wa kinu alikuwa ameshaoa na dada yenu ana mvi. Hakuna aliyemkataza kuolewa. Hilo nataka mlielewe vizuri. Kila mtu alimwomba tu angoje kidogo.

Kisha mkagawa jiko. Hapa hapa, mbele ya kaka yangu. Mkachukua majivu ya jiko la zamani, kila mmoja akayatia kwenye jiko lake jipya, na kuanzia hapo anayekula jiko hili ni nyumba hii na anayekula jiko lile ni nyumba nyingine, hata kama ukuta kati yao ni mmoja na mende ni wale wale. Bun-tat akachukua mashamba ya saumu, Kok-sing akachukua duka la mjini akaliuza. Mimi mkanigawa kwa zamu, mwezi kwa huyu, mwezi kwa yule, nikawa napandishwa gari la Taipei na mfuko wangu wa dawa, nikifika napokelewa kama kifurushi ambacho mtu hakumbuki kama alikiagiza. Na ile miezi yenye siku pungufu mliigombania. Mlidhani masikio yangu yameshakufa. Kuta za Taipei ni nyembamba kuliko za hapa.

Mlipomaliza kunigawa, kaka yangu akauliza, "Na huyu?" Akamwonyesha A-Gue kwa kidevu. Mkatazamana. Hakuwa kwenye jiko la mtu. Mkampa chumba cha pembeni, lilipokuwa banda la nguruwe, mkalipiga chokaa na kumwekea taa. Mlango ni ule ule. Msumari wa kikapu cha Kiok-a bado uko, A-Gue hutundika taulo lake hapo. Sikumwambia. Sasa amejua.

Akajinunulia jiko la gesi la moto mmoja. Na niwaambieni leo, maana nikikaa nalo nitakwenda nalo: kila zamu yangu kwa Bun-tat nilikuwa nakula kwa A-Gue. Siu-khim mkwe wangu, unapika kwa chumvi ya kuhifadhia maiti. Wewe, Le-hua, wala usicheke, wewe wa Taipei hupiki kabisa, unafungua pakiti. Nilikaa mezani pa Siu-khim nikatafuna kwa heshima, kisha nikavuka ua na fimbo yangu kwenda kula uji wa wali na viazi vitamu na figili za chumvi kwa mtu ambaye hakupangiwa zamu. Siku moja alinitania, "Mama, wewe una nyumba mbili na bado unakuja kuomba kwa mpangaji." Ndivyo anavyojiita, mpangaji. Amezaliwa chumba cha pili kutoka hapa.

Ngojeni nipumue.

Mwaka jana A-Gue akakatwa titi. Mkaja hospitali na vikapu vya matunda, mkasema maneno mazuri, na mkono wake wa upande ule haujapata nguvu mpaka leo. Alipotoka, akiwa anatembea uani, anapika, anafua, Siu-khim akapanda mlimani kwenye hekalu la watawa, wanakowekwa wasichana waliokufa bila waume, akamwekea nafasi. Najua kwa sababu mtawa alipiga simu hapa nyumbani kuuliza tarehe ya kuzaliwa, na aliyepokea simu ni A-Gue mwenyewe. Hakukata. Akaitaja tarehe, akaitaja na saa, akairudia polepole ili mtawa aandike sawasawa. Kisha akasema, "Mtawa, kama zimebaki, niombee ya karibu na dirisha. Nimekaa sana nikitazama ukuta." Akaja kunisimulia huku anakoroga uji, anacheka mpaka mwiko unamtetemeka. "Mama, eti dirishani kuna foleni." Nikacheka naye. Baadaye nikatoka nje nikashika ukuta.

Usilie, Siu-khim, bado sijamaliza na wewe. Nilikuuliza, na hukunidanganya. Ulisema, "Mama, nisipomtafutia mapema atakwenda wapi? Kule angalau ubani unachomwa kila asubuhi." Nakubali, ilikuwa huruma. Ni ile huruma mtu anayomwonea mbwa wa jirani, anamtafutia pa kulala mbali na kwake. Na sasa mimi nakuuliza mbele ya mumeo. Umezaa mabinti watupu. Mkubwa, Phoe-ling, ana kazi yake na paka wake, na amekwambia hataki mwanamume, nimemsikia. Umemwekea na yeye nafasi? Ungewauliza watawa, labda ukichukua mbili wanapunguza.

Bun-tat anafungua mdomo, anataka kuniambia desturi. Funga, nitakwambia mimi, nimeipikia hiyo desturi tangu hujazaliwa. Sisi hapa ukiwa hai wewe ni Liau, ukifa jiwe la kaburi lako linaandikwa Tiunn. Kila mtoto wa ukoo huu anafundishwa hivyo kabla ya kujua kufunga viatu. Na kwa nini? Kwa sababu zamani, huko ng'ambo ya bahari walikotoka wazee, palikuwa na mzee Liau ambaye hakuzaa mwana wa kiume, alizaa binti mmoja tu. Akamwingiza kijana wa Tiunn nyumbani amwoe huyo binti, na kijana huyo, alipokuwa amelala kwenye mbao kama mimi, akawaambia wanawe: mkiwa hai muwe Liau, kulipa wema wa mzee, mkifa mrudi kuwa Tiunn, msinisahau mimi. Neno hilo la mtu mmoja anayekufa mmelishika mpaka leo, mmebadilisha majina makaburini kwa maelfu, mnakwenda kwenye karamu ya ukoo kila mwaka mnapiga vifua. Ukoo mzima umepita katika tumbo la binti aliyebaki kwao. Bila yeye nyinyi si Liau, wala Tiunn, wala chochote. Halafu mnasimama hapa, watu mnaobadilisha jina mkifa, mnaniambia haiwezekani kumwongeza mtu mmoja kwenye sanduku. Yule wa zamani neno lake lilishikwa kwa sababu alikuwa mwanamume. Langu nalo mtalishika kwa sababu nina mtu mwenye nyundo.

Mengine ni madogo, niyamalize. Chumba cha A-Gue ni chake mpaka mwisho wake, asiguswe, asiambiwe gari linahitaji mahali pa kulala. Lile shamba dogo la mboga nyuma ya nyumba, ambalo baba yenu aliliacha kwa jina langu, alime yeye, na baada yake alime Phoe-ling. Kok-sing, acha kukunja uso, huko nyuma hapajengeki ghorofa, nilishauliza. Bangili yangu apewe Le-hua, kwa sababu ndiye pekee ambaye hakuniomba. Lo, jirani yetu, aliyegeuza mfereji wa maji mwaka ule wa kiangazi mpunga wetu ukakauka, sijamsamehe, na nyinyi msimsamehe kwa niaba yangu. Akija kwenye mazishi mpeni chai iliyopoa.

Msiajiri watu wa kulia. Mwenye machozi alie, asiye nayo aoshe vyombo.

Sasa nijibuni. Bun-tat, wewe ndiye unayeshika ubani wa nyumba, sema wewe kwanza.

Tiong-ho, umesikia? Anasema bwana wa mambo ya mazishi alimwambia msichana asiyeolewa akiwekwa mezani huleta balaa kwa wanaume wa nyumba, kwa hiyo tulizungumze vizuri baada ya mazishi. Na Kok-sing anasema yeye kwa upande wake hana pingamizi, ila kaka ndiye mkubwa. Mmoja anasema baadaye, mwingine anasema muulizeni yule. Hivyo hivyo ndivyo walivyomngojesha fundi saa.

A-Gue ananiambia, "Mama, acha. Mimi nimezoea." Nyamaza wewe. Siongei kwa ajili yako peke yako. Nitaingia kwenye sanduku lile na baba yako mwenye ulimi wake na bibi yako mwenye mwiko wake, na nitakaa humo muda mrefu. Nani atanichekesha?

Basi. Tiong-ho, weka kofia chini, shika mbao upande wa kichwa. A-Gue, shika upande wa miguu. Nipelekeni chumbani kwake. Ndiyo, banda la nguruwe, nitafia huko. Mnajua maana yake, ninaziona nyuso zenu. Mtu aliyekata roho nje ya ukumbi haingizwi tena, jeneza langu litakaa uani chini ya turubai, na kila anayepita barabarani atauliza ilikuwaje mama mwenye wana wawili hai akafia kule, na Tiong-ho atakuwa amekaa pale na nyundo magotini, anawajibu mmoja mmoja. Kama binti yangu hana mahali humu, mimi niliyemzaa nimepata wapi?

Nyanyueni. Nimesema nyanyueni.

Polepole, A-Gue. Najua mkono ule hauna nguvu. Mimi si mzito, nimekwisha, zilizobaki ni nguo. Kizingiti hicho, inua mguu... inua... Mbao zinainama. Nateleza. Nate...

Nani huyo? Nani ameshika?

Bun-tat. Naona. Una mikono ya baba yako, mikavu hivi hivi.

Ananinong'oneza, "Mama, majirani wanatazama." Watazame. Lo yupo? Mwambieni asogee, asikose. Usinirudishe, Bun-tat, na usinitoe. Shikilia hapo hapo. Kichwa changu kiko ndani na miguu yangu iko nje, ninapepewa na upepo wa uani, si mtu wa humu wala si mtu wa huko. Unaniona nilivyo? Dada yako amekaa hapa juu ya kizingiti tangu alipozaliwa, na hakuna aliyemshika asianguke. Mikono imeanza kukuuma? Ndiyo kwanza umeanza.

Siu-khim anasema kitu. Sema kwa sauti, mwanangu, masikio yangu yanaondoka.

"Mwache aingie, Bun-tat. Leo ni wifi, kesho ni Phoe-ling. Mimi mtoto wangu sitamtundika nyuma ya mlango."

Haya. Sikutegemea itoke kwako. Tumekaa meza moja miaka yote nikilalamikia chumvi.

Na wewe, Bun-tat, unasemaje? Sema, nasikia.

"Ataingia."

Nani ataingia?

"Dada."

Ana jina.

"Chiu-gue. Chiu-gue ataingia. Nyuma ya jina lako, Mama."

Nirudisheni ndani.

Taratibu... hapo. Hapo hapo. Funika miguu.

Nimekuzaa, Bun-tat, kwa hiyo siamini mdomo wako, naamini macho ya Tiong-ho. Sikilizeni, sauti inakwisha. Kabla jeneza halijafungwa, mfungue sanduku la vibao. Kikatwe kibanzi kipya, kiandikwe jina lake lote, kifungwe karatasi nyekundu kwa sababu yuko hai, kiwekwe nyuma ya changu. Bun-tat akiweke kwa mkono wake. Tiong-ho akione kwa macho yake, asionyeshwe kwa mbali, akiguse. Ndipo ashike nyundo. Siu-khim atampigia simu yule mtawa. Mwambie dirisha... mwambie wampe mwingine.

Wasipofanya, Tiong-ho, usigonge. Hata wakilia. Hata nzi wakija. Niache wazi. Mimi sina haraka.

Njooni karibu, nimalize. Bun-tat, saumu zako zikauke vizuri, zisiote ghalani. Kok-sing... upate usingizi, wewe hulali, nilikuwa nakusikia ukitembea. Le-hua, jifunze kuwasha jiko. Siu-khim, uzeeke na wanao mezani kwako, wote... punguza chumvi. Tiong-ho, mkono wako usitetemeke.

A-Gue. Wewe uishi. Uishi mpaka karatasi ile ipauke, wabadilishe nyingine, na hiyo nayo ipauke. Uwachoshe kungoja. Ni zamu yao.

Mbona umesimama mlangoni... Kaa. Siyo pale, pale kuna baridi. Sogeeni, mpisheni.

Hapa. Upande huu.

Penye dirisha.